Kumtafuta Mama Florence

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanakwaya na wapiga vyombo wa parokia, Kamalondo, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Mama zangu, tata zangu, vijana wa kinanda na wa tarumbeta, na nyinyi wadogo mliokaa kwenye mkeka kwa sababu viti havikutosha: aksanti kwa kuacha kazi za Jumamosi mkaja kunisikiliza.

Nimebeba vitu vitatu. Sidii moja ya muziki wa Mama Florence, mtunzi wa Marekani, yenye jalada lililopasuka, mfuko wa kaseti, na daftari la mama mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya pili pale, benchi la tatu. Naanza na sidii, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niuangalie ule mfuko kwa macho mengine.

Mwaka 2017, usiku mmoja, nilifungua redio ya ng'ambo, ya Kifaransa, nikaukuta muziki katikati. Fidla nyingi, filimbi, tarumbeta na tromboni, na chini yake ngoma. Ngoma katika okestra za Ulaya nimezisikia sana. Mara nyingi zinanguruma mbali, kama mvua ya kwanza ya Oktoba inayotishia upande wa Likasi. Hii ilikuwa ngoma ya kuitikia. Tarumbeta zinaimba pamoja kama kwaya, zinanyamaza, ngoma inajibu. Nikabaki nimesimama, bukari, ugali wetu, inapoa mezani. Ulipokwisha, mtangazaji akataja jina haraka haraka: Florence fulani, wa Chicago. Nikaandika kama nilivyosikia, nyuma ya risiti ya ada ya shule: FLORANS BRAIS. Kwa B.

Hiyo B ilinila mwaka mzima. Kila nilipopata mega kidogo za intaneti kwenye simu niliandika jina hilo, wakaja watu wengine kabisa. Siku moja nikamwonyesha risiti kijana wetu wa kinanda. Akaitazama, akaniuliza, "Mwalimu, una hakika ni B?" Akaandika P. Ukurasa ukajaa.

Florence Price. Ukimtafuta, jaribu pia Florence B. Price, na Florence Beatrice Price, maana santuri na vitabu havikubaliani. Na jambo moja la hapa kwetu: ukiandika orkesta peke yake, utaletewa gitaa na wacheza ndombolo. Andika simfonia, ndiyo muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa.

Faili la kwanza alilonishushia yule kijana halikuwa okestra hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja na piano, wimbo wa kiroho wa watu weusi wa Marekani. Nilisikitika kidogo, kisha nikasoma historia yake nikaacha kusikitika. Mwimbaji ni Marian Anderson. Mwaka 1939 alinyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa sababu ya rangi yake, akaimba nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, mbele ya umati wa watu kama 75,000. Katika nyimbo za mwisho alizoimba siku ile ulikuwemo huo, na aliyeutengeneza ni Florence Price. Tarehe ilikuwa 9 Aprili. Florence Price alizaliwa tarehe 9 Aprili, mwaka 1887. Alikuwa anatimiza miaka 52, na wimbo wake unaimbwa mbele ya taifa zima.

Alizaliwa Little Rock, katika jimbo la Arkansas. Alisoma kinanda na piano katika konservatuari ya Boston, akamaliza mwaka 1906. Mwaka 1927 aliondoka kusini na familia yake kwenda Chicago, kwa sababu Little Rock watu weusi walikuwa wanauawa hadharani na makundi ya wazungu. Huko Chicago ndoa ikavunjika, akabaki na mabinti wawili. Alifundisha piano, alipiga kinanda kwenye sinema zisizo na sauti, alitunga vijiwimbo vya matangazo ya redio kwa jina la kubuni. Mama zangu, nyinyi mnayajua maisha hayo kuliko mimi: kazi tano, na ile unayoipenda inasubiri usiku. Mwaka 1931 alivunjika mguu. Kwa kuwa hakuweza kutoka, akapata siku chache za kukaa kimya na kuandika. Alimwandikia rafiki yake kwa furaha kwamba hajui ni lini tena atabahatika kuvunjika mguu. Katika wakati huo ndipo simfonia yake ya kwanza ilianza kuchukua umbo. Ikashinda zawadi ya Wanamaker, ya mashindano ya watunzi weusi, mwaka 1932, na tarehe 15 Juni 1933 Chicago Symphony Orchestra, chini ya Frederick Stock, wakaipiga. Hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa amepigiwa simfonia na okestra kubwa ya Marekani kabla yake.

Nilipofika hapo nikasema: basi, nitapata santuri ya usiku ule wa 1933. Haipo. Hakuna aliyerekodi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo lililonileta mbele yenu. Mwanzoni nilifikiri muziki unapotea kwa sababu watu hawaupendi. Magazeti ya Chicago yaliusifu muziki huu! Simfonia si wimbo ambao mtu anaushika kwa masikio, akaupeleka Katuba, kesho ukaimbwa Ruashi. Kwanza kuna kitabu kikubwa cha mwongozaji, sauti zote zimepangwa ukurasa mmoja, mstari juu ya mstari. Kisha kila mpigaji anahitaji karatasi zake: fidla za kwanza zake, fidla za pili zake, mpiga ngoma zake. Watu 70, 80. Isipochapwa, kuna nakala moja tu ya mkono, na okestra ya mji mwingine haiwezi hata kuiazima. Okestra isipopiga, hakuna cha kurekodi. Isiporekodiwa, mwongozaji wa kesho haisikii, naye hataiomba. Miaka inapita hivyo. Mtunzi anakufa, na mwanawe anabaki na sanduku.

Naye hakukaa akingoja. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, mwongozaji wa okestra ya Boston, akamwomba atazame muziki wake. Barua yake ilianza kwa kusema kwamba ana vizuizi viwili: jinsia yake na rangi yake, kwamba yeye ni mwanamke, na katika mishipa yake mna damu ya watu weusi. Hakuomba huruma. Aliomba muziki upimwe kama muziki. Aliandika tena na tena. Koussevitzky hakupiga hata kazi yake moja. Mimi nimesoma barua ile mara nyingi, na kila mara ninaiona meza: mwanamke wa miaka 56, wanafunzi wa piano wameondoka, anaandika barua kwa mwandiko mzuri kwa mtu ambaye hatamsaidia.

Akafa Chicago mwaka 1953.

Sasa sikilizeni ya mwaka 2009. Kuna kijiji kinaitwa St. Anne, kusini mwa Chicago. Mume na mke wamenunua nyumba iliyoachwa, wanataka kuitengeneza. Mti umeanguka juu ya paa, umelitoboa. Wezi wamepita, wamepekua, wamevunja. Lakini upande mmoja wa nyumba mvua haikufika, na huko wakakuta marundo ya karatasi: noti za muziki, barua, vitabu. Kila mahali jina moja, Florence Price. Ilikuwa nyumba yake ya mapumziko ya wakati wa joto. Ndani ya marundo hayo zilikuwemo konserto mbili za violini, yaani muziki wa fidla moja ikiimba na okestra nzima, na simfonia ya nne, ya mwaka 1945, ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia ikipigwa. Wezi walitafuta cha kuuza wakakiruka.

Miaka 56 tangu afe. Na waliokuta wangeweza kuchoma! Sisi sote tunajua kinachofanyika ukinunua nyumba ya marehemu: karatasi zinawashia makaa. Hao wawili walisoma jina, wakatafuta ni nani, wakawasiliana na Chuo Kikuu cha Arkansas, ambacho tayari kilikuwa kinatunza karatasi zake nyingine. Leo ziko huko.

Kutoka hapo mambo yakaenda haraka, na utaratibu ulikuwa uleule niliowaeleza, ila sasa unageuka kuelekea uzima. Mwaka 2018 kampuni ya uchapaji G. Schirmer ya New York ilichukua haki za kazi zake kwa dunia nzima. Maana yake, mwongozaji anaweza kuomba karatasi za wapigaji, zikaja zimesafishwa, zinasomeka. Ndiyo sababu ukitafuta santuri za okestra yake utaona chache sana kabla ya 2018, na nyingi baada yake. Karatasi ilitangulia, sauti ikafuata.

Hizo chache za zamani zina heshima yangu yote, kwa sababu walizifanya wakati haikuwa rahisi. Mwaka 2001 okestra ya wanawake peke yao ya San Francisco, The Women's Philharmonic, ikiongozwa na Apo Hsu, ilitoa simfonia ya tatu pamoja na kazi mbili nyingine. Mwaka 2011 kikundi cha wapigaji weusi cha Chicago kikatoa simfonia ya kwanza na konserto ya piano. Karatasi za okestra za konserto hiyo zilikuwa zimepotea, hivyo mtunzi Trevor Weston alizijenga upya kutoka kwenye mabaki yaliyokuwepo. Naamini ile niliyoisikia usiku wa bukari ilikuwa hiyo ya 2011.

Lakini mimi niliyoshika mkononi kwanza ni hii. Mwaka 2019 ndugu mmoja wa parokia hii, dereva wa lori anayekwenda Johannesburg kupitia Kasumbalesa, alinibebea. Alikaa siku nyingi kwenye foleni ya mpakani, sidii imefungwa ndani ya sweta chini ya kiti, jalada likapasuka, sahani ikapona. Ni simfonia ya kwanza na ya nne, John Jeter akiongoza Fort Smith Symphony, lebo ya Naxos. Fort Smith si Chicago wala New York. Ni mji wa Arkansas, jimbo alikozaliwa. Okestra ya mji wa kawaida ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuipiga simfonia ya nne, mwaka 2018, miaka 73 baada ya kuandikwa. Okestra zenye majina makubwa zilifuata. Ile ya Philadelphia, chini ya Yannick Nézet-Séguin, ilitoa ya kwanza na ya tatu mwaka 2021, na mwaka uliofuata wakapata tuzo ya Grammy. Fidla zao ni tamu kama asali ya Mitwaba, sikatai. Hata hivyo kwa sehemu ya ngoma nawapenda wale wa Fort Smith. Wanapiga kama watu wanaojua kwamba kabla yao hakuna aliyepiga. Kuhusu konserto za violini, tafuteni jina la mpiga fidla Er-Gene Kahng. Simfonia ya pili msiharibie mega zenu: haijapatikana kamili.

Na mnapotafuta, tazameni ufunguo, yaani noti ambayo muziki umejengwa juu yake. Ya kwanza ni mi ndogo, Waingereza wanaandika E minor. Ya tatu ni do ndogo, C minor. Ya nne ni re ndogo, D minor. Mara nyingi faili linaandikwa "simfonia ya Price" basi, bila namba, na wakati mwingine limekatwa katikati. Niliwahi kupata moja inayokatika ndani ya juba. Nililala vibaya usiku huo.

Juba. Subirini, nifafanue, na vijana wa mbele mniazime mapaja yenu. Sehemu ya tatu ya simfonia ya kwanza haina ile dansi ya kizungu ambayo watunzi walizoea kuiweka hapo. Yeye ameweka juba, na ameirudia katika simfonia ya tatu na ya nne. Juba ilikuwa dansi ya watumwa. Kanyaga kwa kisigino. Piga paja. Piga kifua. Piga paja tena, lakini mapema kidogo kuliko mguu unavyotaka. Hivyo. Umesikia? Mwili ndio ngoma.

Kwa nini mwili? Mwaka 1739, kwenye mto Stono katika koloni la South Carolina, watumwa waliasi na kutembea wakipiga ngoma. Wanahistoria wanaeleza kwamba wengi wa waasi hao walitoka katika ufalme wa Kongo. Si Katanga yetu hii. Ni kule upande wa bahari, Mbanza Kongo. Lakini ni watu wa mto wetu. Mwaka uliofuata wakubwa wa koloni wakatunga sheria ya kuwakataza watumwa ngoma. Ukimnyang'anya mtu ngoma, anabaki na mapaja na kifua. Karibu miaka 200 baadaye mwanamke mmoja Chicago anaichukua dansi ya mapaja na kifua, anawapa wazungu wa okestra kubwa waipige kwa fidla, na katika simfonia hiyohiyo anaandika kabisa kwenye karatasi: ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo. Amezirudisha.

Nilipomaliza kusikiliza mara ya kwanza, binti yangu aliyekuwa anasuka nywele mlangoni aliniuliza, "Tata, uyu mama alikuwa mutu mweusi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Inasikika." Akaendelea kusuka.

Wako watakaowaambia kwamba alimwiga Dvořák, mtunzi Mcheki, kwa kuwa naye aliandika simfonia ya mi ndogo huko Marekani. Msibishane sana. Dvořák mwenyewe alisema mwaka 1893 kwamba muziki wa Marekani ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi. Mama Florence ni mtoto wa nyumba hiyo. Alijenga kwa matofali ya kwao. Sikilizeni sehemu ya pili tu, pale tarumbeta na tromboni zinapoimba pole pole kama tunavyoimba baada ya komunyo, na ngoma inajibu. Mtu ambaye hakukulia kanisani hawezi kuandika vile.

Sasa mfuko na daftari.

Sisi Katanga tuna sauti zilizobaki. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Jadotville, Likasi ya leo, na mashine yake ya kurekodi, akamkuta kijana na gitaa, Mwenda Jean Bosco. Ndiyo maana hata leo mtoto wa Nairobi anaweza kusikia vidole vyake vya miaka ile. Joseph Kiwele alijua kuandika noti, ndiyo maana tunajua kwamba muziki wa La Katangaise, wimbo wa taifa wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, ni wake. Mmoja alikutwa na mashine, mwingine alikuwa na kalamu. Nawauliza mama zetu: nani alikutwa?

Daftari hili ni la mama ambaye wengi wenu mlimzika pamoja nami. Jina lake silitangazi leo, familia itanipa ruhusa kwanza. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada la bluu, pembe zimeliwa na mafuta ya mawese. Aliandika kwa do-re-mi, na penseli, sauti nne, na pembeni ameweka alama zake mwenyewe: kijiti kwa kupiga makofi, duara kwa ngoma. Nimehesabu nyimbo 41. Tano kati yake mnaziimba kila mwaka. Ile ya matoleo ya Pasaka, yenye sauti ya pili inayoshuka wakati nyingine zinapanda, ni yake! Kuna kitabu cha nyimbo kilichochapwa, kiko kwenye mabenchi ya makanisa mengi, na chini ya wimbo huo wameandika: mtunzi hajulikani. Alikuwa hai kilipochapwa. Alikuwa anauza samaki sokoni katika komyuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, mwendo wa dakika chache kutoka hapa. Hakuna aliyemuuliza. Na mimi, mwalimu wake, nilikishika kitabu kile, nikasoma maneno yale, nikafunga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kaseti ni za miaka ya 1980 na 1990, misa na mazoezi, nimezikusanya nyumba kwa nyumba. Nyingine zimeandikwa "kwaya", basi. Tumeanza kuzihamisha kwenye kompyuta, moja kwa jioni moja, umeme ukiruhusu. Katika moja ya tepu hizo yule mama anasikika anawakatiza waimbaji na kusema, "Hapana, alto mushuke, mushuke," kisha anaimba mwenyewe. Nilimwita mjukuu wake aje asikie. Alisikiliza mara tatu.

Najua zingine ziko makwenu, chini ya vitanda, kwenye masanduku ya chuma, katika ghala la kuku. Nawaomba. Usiirudishe kaseti nyuma kwa kalamu ya Bic ili kujaribu kama bado inalia. Usiiweke kwenye redio ya zamani, itautafuna utepe. Ukiona unga mweupe, ni ukungu, usiupanguse. Funga kaseti peke yake ndani ya karatasi kavu. Madaftari ni hivyohivyo: usiyanyooshe kwa pasi, usiyabandike kwa plasta. Chukua kipande cha karatasi, andika mwaka ukiukumbuka, na andika jina la aliyetunga. Si jina la kwaya. Si "mama fulani wa Kampemba". Jina lake lote, kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, na herufi mziangalie vizuri, ile B yangu mnaikumbuka.

Tutapokea hapa kila Jumamosi baada ya misa ya asubuhi, mlango wa sakristia. Kila kitu kitarudi kwa mwenyewe, na nakala yake.

Kijana, washa jenereta. Tunaanza na sehemu ya pili, kisha juba, na mapaja mnayo.